Usiku wa Butembo na Beni: Hiyo Foto Itaenda Wapi?

Butembo iko kilomita chache kaskazini mwa Ikweta, juu ya vilima vya Lubero, mashariki ya Congo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Jua la huko likishaamua kuzama halibembelezwi. Saa kumi na mbili jioni bado unauona ukungu ukishuka kwenye mikaratusi. Ikikaribia saa moja mtaa mzima umeshika giza, na kinachobaki ni taa za pikipiki, tochi za simu, vibanda vyenye balbu moja moja, na makaa mekundu kwenye mbabula, yaani majiko, za wachoma mahindi. Baridi nayo haipigi hodi. Wanaume wanafunga makoti hadi shingoni, akina mama wanajitanda kitenge cha pili juu ya sweta. Saa hiyo ndiyo niliyokuwa nikitoka na kamera.

Nilifika Februari 2024 kwa kupitia Uganda: Kasese, mpaka wa Mpondwe na Kasindi, kisha njia inayokatiza ukingo wa Hifadhi ya Virunga hadi Beni, na kutoka Beni kilomita zisizofika sitini za kupanda hadi Butembo. Uganda na Congo zilizindua ujenzi wa barabara hiyo Juni 2021, na mitambo ilikuwa bado kazini, vumbi jekundu likitufuata kama mkia. Beni niliipita mchana bila kushuka, nikijua nitairudia.

Nia yangu ilikuwa kuwapiga picha watu wa miji hii miwili usiku, kwenye barabara zao, kila mtu kadiri atakavyonitokea. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat akisikia jina la Beni, kichwani mwake linakuja jeneza. Si kosa lake, kwa maana ndizo picha alizopelekewa. Tangu Oktoba 2014 vijiji na mitaa ya Beni imeshambuliwa mara kwa mara, na mashambulizi mengi huja baada ya jua kuzama. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287 katika mashariki ya Congo. Wapiga picha wengi walikuja wakati ule, wakafanya kazi ya lazima. Lakini miji hii ina maelfu ya watu ambao kila usiku wanauza, wanalinda, wanasafirisha, wanabishana mpira na kusubiri kesho. Hao ndio niliowafuata.

Jambo la kwanza lilikuwa karatasi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini, iliko miji hii, na Ituri ziko chini ya hali ya kuzingirwa, na viongozi wa kiraia wamewaachia nafasi zao wanajeshi na polisi. Mgeni mwenye kamera hatembei bila kujitambulisha. Nikaenda ofisi ya meya, nikaeleza ninachotaka, nikapewa barua yenye muhuri pamoja na masharti: askari usipige, vizuizi usipige, daraja usipige, na saa ya watu kuingia ndani ikifika, nawe uingie. Barua ile ilinifaa sana mbele ya askari. Kwa wananchi haikuwa na kazi yoyote. Kwao ilibidi niombe upya kwa kila uso.

Usiku wa kwanza, mtaa wa Président de la République, nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya beseni la samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward. Alikuwa ameegesha tochi ndani ya beseni, mwanga ukapenya kati ya magamba na kumpanda usoni kutoka chini.

“Habari za jioni, mama.”

“Nzuri, papa. Unatafuta samaki?”

“Natafuta samaki, na naomba pia kukupiga picha.”

Hakujibu upesi. Alimfungia mteja wake kwanza, akahesabu franka, akazitia kwenye kibindo.

“Hiyo foto itaenda wapi?”

Nikamweleza kwamba ninaandika kwa ajili ya wasomaji wa kwetu Tanzania, na kwamba yeye atapata nakala yake mkononi kabla sijaondoka mjini.

“Wakati wa Ebola walikuja wengi,” akasema. “Wanapiga, wanaenda. Munatupigaka foto tukiwa tunalia. Leo mimi niko nauza. Upige nikiwa nauza.”

Akasimama, akakaza kitenge, akamnyanyua samaki mkubwa kuliko wote kwa mkia, akanitazama machoni. Nikapiga. Kuanzia hapo swali lake likawa ndilo ninaloanza nalo mimi mwenyewe. Kabla mtu hajaniuliza, namwambia picha itaenda wapi.

Niseme kidogo kuhusu namna ya kupiga, maana giza lina masharti yake. Flashi sikuitoa hata usiku mmoja. Katika mji uliozoea kushtuka kwa milio, mwanga wa ghafla usoni mwa mtu ni shambulio. Nilitumia lensi ya milimita 35 niliyoifungua hadi f/2, ISO 3200 au zaidi, na kasi ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kwa kasi hiyo anayepigwa lazima atulie, na mpiga picha lazima abane viwiko mbavuni na kushikilia pumzi. Picha ya namna hiyo haiibiwi. Wote wawili mnaijua na mnaisubiri.

Kuna njia nyingine, nayo imezaa kazi kubwa. Mjapani Daido Moriyama, aliyezaliwa Osaka mwaka 1938, ametembea miaka mingi katika vichochoro vya Shinjuku mjini Tokyo na kamera ndogo ya mkononi, akiwanasa wapita njia usiku bila kusimama, picha zake nyeusi na nyeupe zikiwa na chembechembe nzito na ukungu wa mwendo. Nazipenda picha hizo na zimenifundisha kutoliogopa giza. Lakini mtu wa Shinjuku akinaswa bila habari, kesho anaamka na kwenda kazini. Mtu wa Beni hajui nani anamtazama na kwa nia gani. Picha ya uso wake ikifika mikono mibaya inaweza kumgharimu. Kwa Kivu nilimfuata zaidi Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyehamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kuupiga picha usiku wa mji ule katika miaka ya 1950 na 1960: wacheza dansi, wanamuziki, vijana waliovaa wakapendeza. Depara alikuwa mmoja wao, akiketi nao meza moja, na watu walimtazama kamerani kwa sababu walimjua. Mimi sikuwa na miaka ya kujulikana, basi nilichoweza kutoa badala yake ni muda: kuketi kwanza, kuzungumza, kununua kitu, kuulizwa, kujibu.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wanande, ambao wenyewe hujiita pia Bayira, wamejenga hapa biashara inayofika Dubai na Guangzhou, na sehemu kubwa ya mji huu imesimama kwa fedha za watu wake na michango ya makanisa, serikali ikiwa mbali. Hata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa na jimbo lao la Kanisa mwaka 1989. Usiku utajiri huo unalala nyuma ya milango ya chuma, na mbele ya kila mlango yupo mlinzi, sentineli, na mbabula yake. Mabasi madogo yaliyoegeshwa hapo bado yana maandishi ya Kijapani ubavuni, majina ya shule na maduka ya huko yalikotoka, na hakuna aliyeona haja ya kuyafuta.

Mlinzi mmoja, mzee wa makamo, alinikaribisha kwenye kigoda chake cha akiba. Tulizungumza juu ya bei ya makaa, juu ya mvua, juu ya watoto. Kisha bila mimi kumuuliza akaanza kusimulia mwaka 2019. Alikuwa na dada aliyechukuliwa kupelekwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Katwa na hakurudi. Mazishi yalifanywa na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Familia ilisimama mbali.

“Wale waliobeba kamera walipiga foto ya sanduku,” akasema. “Sisi hatuna foto yake hata moja. Si akiwa mzima, si akiwa amekufa. Watoto wake wanasahau sura.”

Nilikuwa nimezisoma habari za wakati ule: vituo vya matibabu vilivyochomwa moto, Katwa na Butembo, Februari 2019, na Daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliyeuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Nilijua kwamba watu waliwatilia shaka waliokuja kuwaokoa. Maneno ya mzee yalinionyesha mzizi mmoja wa shaka hiyo. Wageni walikuwa na sura za wafu wa mji huu kwenye mashine, na wenye wafu hawakuachiwa kitu.

Aliniomba nimpige akiwa amevua kofia, ameketi wima, mikono juu ya magoti. Alitaka picha ya kuwaachia wajukuu. Mwanga wa makaa ulikuwa mdogo, nikaegemeza kamera juu ya tofali na kumwambia asipumue mpaka nimwambie. Alitulia kama mtu aliyekuwa akiingoja picha hiyo siku nyingi.

Tarehe 7 Februari Congo ilicheza na Kodivaa, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, saa nne usiku kwa saa za Butembo. Televisheni ilitolewa nje, ikawekwa juu ya meza kwenye ua wa nyumba ya wageni nilikofikia, na geti likaachwa wazi kwa majirani. Nilikaa karibu na meza, mgongo wangu kwenye skrini, ili niwaone wanaotazama. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Congo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kwa mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bunduki, kuuonyesha ulimwengu mauaji ya mashariki na ukimya unaoyafunika. Uani pakawa kimya. Kijana wa mbele yangu alinyanyua mikono yake, akaufunika mdomo kwa mmoja, vidole vya mwingine kwenye panja. Kisha aliye kando yake. Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mwanga wa skrini ulikuwa wa bluu juu ya nyuso zote.

Hapo sikuweza kuomba ruhusa kwa kila mmoja. Nilipiga, na mpira ulipoisha nikasimama getini nikawaonyesha watu picha kwenye kioo cha kamera, mmoja baada ya mwingine, nikiwaambia: usiyetaka, sema, naifuta mbele yako. Congo ilikuwa imefungwa bao moja, la Sébastien Haller, na watu walikuwa na huzuni. Wawili walisema nifute, nikafuta. Wengine walitaka kujua kama watu wa Tanzania watauona mkono ule mdomoni. Niliwaambia ndiyo.

Kuchapisha nakala nilizoahidi kulinipeleka kwa kijana mwenye kibanda cha picha, mashine moja ya kuchapishia, kompyuta moja na betri inayochajiwa na paneli ya jua. Yeye hupiga harusi, ubatizo, picha za vitambulisho, na picha kubwa za marehemu zinazobebwa mbele ya jeneza. Alizitazama kazi zangu kwa jicho la fundi.

“Yaya,” akaniita, yaani kaka mkubwa, “hizi nyeusi sana. Watu hapa wanapenda sura ionekane.”

Tukaketi tukazing’arisha pamoja, yeye akiongoza. Alinionyesha kadi yake ya mpiga kura, ambayo Wakongomani wengi huitumia kama kitambulisho. Uso wake ulikuwa umefifia hadi kubaki kivuli. Akanikumbusha Desemba 2018, pale tume ya uchaguzi ilipotangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais pamoja na nchi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakatengeneza masanduku yao, wakapiga kura ambayo hakuna aliyeihesabu Kinshasa. Rais aliapishwa Januari 2019. Miji hii ilipiga kura ya wabunge mwisho wa Machi. Kijana huyu alikuwa na kadi mpya wakati huo, na sura yake ilionekana vizuri kabisa.

“Uchaguzi huu wa juzi nimepiga kura, lakini sura imekimbia,” akasema. Nikampiga picha nje ya kibanda chake, akiwa ameshika kadi kifuani. Akaichapisha mwenyewe, akaibandika ukutani pamoja na za wateja wake.

Nilizigawa nakala zote kabla ya kuondoka. Mama wa samaki aliitazama yake kwa muda mrefu chini ya tochi, akaipitisha kwa wenzake wa kulia na kushoto, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki. “Wasingya,” akaniambia, asante kwa Kinande, akanipa samaki mmoja nisiyemlipia.

Kutoka Butembo hadi Beni barabara inateremka, Maboya, Kabasha, na kila kilomita unavua kitu, kwanza skafu, kisha koti. Beni iko chini zaidi, ina joto, na msitu uko karibu. Usiku wake pia ni mwingine. Kwenye Boulevard Nyamwisi shughuli ni nyingi jioni, pikipiki zinapishana, muziki unasikika. Kisha kwa muda mfupi watu wanaingia majumbani. Mtaani wanaobaki ni wenye sababu.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliniambia nisimpige uso wala namba ya pikipiki. Alikuwa na kazi ya kupeleka akina mama wenye uchungu hospitali, wakati wenzake wengi wameshalala, na hakutaka yeyote ajue kwamba hutembea saa hizo. Nilipiga mikono yake juu ya usukani, na kitambaa alichofunga kwenye kiti cha nyuma ili abiria asiteleze. Ni moja ya picha ninazozithamini kuliko zote.

Karibu na ghala la kakao nilimkuta mwanamke akichambua punje chini ya taa, akitenga zilizooza. Mwezi huo bei ya kakao katika soko la New York ilikuwa imevunja rekodi ya mwaka 1977, na habari hiyo ilikuwa imefika hadi hapo. Lakini mashamba yanayozalisha kakao ya Beni yako kwenye maeneo yale yale yanayoshambuliwa, na wapo wanaovuna mazao ya watu waliokimbia. Yeye alikuwa ameliacha shamba lake upande wa Oicha. Nilipoomba picha alisema, “Hapana, papa. Sitaki.” Nikaifunika lensi. Niliketi naye, nikamsaidia kuchambua, akanieleza jinsi ya kuitambua punje iliyochachuka vizuri kwa kuivunja na kutazama rangi ya ndani. Sura yake sinayo, wala sistahili kuwa nayo.

Muuza mafuta wa jirani yake alisikia lafudhi yangu.

“Wewe ni mutanzania?”

“Ndiyo, kaka.”

Akazima redio. Akataja tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, karibu na mto Semuliki, walipouawa wanajeshi 15 wa Tanzania. Alikuwa amemfahamu mmoja wao kwa kununua naye vitu dukani. Watu wa hapa wana malalamiko mengi dhidi ya Umoja wa Mataifa, akasema, na yeye anayo pia. Lakini vijana wale walikufia mbali na mama zao, na mtu wa kwao akipita lazima apewe pole. Akanipa pole hiyo kwa mikono miwili. Kisha akaomba tupigwe picha pamoja, tukamkabidhi kamera mtoto wake. Picha imepinda kidogo na sisi wote tumefumba macho nusu. Nilimchapishia kama ilivyo.

Neno langu la mwisho ni kwa wapiga picha wenzangu wa Afrika Mashariki. Congo imeingia katika Jumuiya yetu tangu mwaka 2022, na barabara ya Kasindi ikikamilika wengi wenu mtakwenda. Nendeni. Usiku wa Butembo na Beni unahitaji mashahidi wa uhai wake, kama ulivyopata mashahidi wa vifo vyake. Lakini mwambie mtu picha itaenda wapi kabla hajauliza. Akikataa, funika lensi na uketi naye. Akikubali, mpige jinsi anavyotaka kukumbukwa. Na kabla hujaondoka mjini, tafuta kijana mwenye kibanda na mashine ya kuchapishia, mlipe haki yake, urudishe sura ya mtu mikononi mwa mwenyewe. Kama huna nafasi ya kufanya hivyo, iache kamera nyumbani.